Habari za Magari Yaendayo Pasipo Njia

Mwalimu mmoja ametuandikia barua, nayo ina swali ambalo tumeona si vema kulijibu kwa maneno mawili. Asema ya kuwa aliona kando ya barabara kuu gari la ajabu, limesimama chini ya mti. Kimo chake kilipita lori la mizigo, magurudumu yake yalimfika mtu kiunoni, na mgongoni lilikuwa na nyumba yenye mlango, madirisha na ngazi. Mzee mmoja wa Kizungu na mkewe walikuwa wameketi kivulini wakinywa chai. Wakamkaribisha, wakamwambia ya kuwa wametoka Ujerumani kwa gari lile lile, na ya kuwa zamani lilikuwa gari la zimamoto la mji mdogo. Lina umri wa miaka thelathini na zaidi. Basi mwalimu auliza: “Mtu mwenye fedha ya kuzunguka dunia, mbona asinunue gari jipya? Na gari la kuzima moto lina nini hata liaminiwe kuvuka jangwa?”

Tumeuliza mafundi, tumesoma tulivyoweza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Gari aliloliona mwalimu huitwa Unimog. Chanzo chake si safari wala vita, bali ni viazi. Mwaka 1945 vita ilipokwisha, Ujerumani ilikuwa magofu, watu wana njaa, na viwanda vimekatazwa mambo mengi. Palikuwa na mhandisi, jina lake Albert Friedrich, ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa injini za ndege katika kampuni ya Daimler-Benz. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Akachora chombo cha mkulima: kilime kama trekta, kisha kibebe mavuno mpaka sokoni kama lori. Upana kati ya gurudumu la kushoto na la kuume aliuweka milimeta 1,270, maana huo ni upana wa matuta mawili ya viazi huko kwao. Jina lenyewe ni kifupisho cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya chombo cha mota kifaacho kwa kazi zote. Mfano wa kwanza ulitembea mwaka 1946. Tangu 1948 yakaundwa katika kiwanda cha Boehringer mjini Göppingen. Na mwaka 1951 kazi ikachukuliwa na Daimler-Benz, ikahamishiwa Gaggenau. Injini ya kwanza ilikuwa ya dizeli, ya nguvu za farasi 25 tu, na mwendo wake haukupita kilometa 50 kwa saa. Lakini trekta za siku zile zilikwenda polepole zaidi, tena hazikuwa na springi wala breki katika magurudumu ya mbele. Hiki kilikuwa na vyote viwili, na magurudumu yote manne yalikuwa sawasawa, yote yakivuta.

Hapa inatupasa kusimama kidogo, kwa sababu watu husema “gari la kuvuta kwa magurudumu manne” kana kwamba maneno hayo yanatosha. Hayatoshi. Mwalimu atakayetaka kuwaonyesha watoto jambo hili na awapange wanne uwanjani, wameshikana mikono katika mstari mmoja, kisha awaambie wageuke kona. Ataona ya kuwa mtoto wa nje hukimbia, na yule wa ndani hukanyaga karibu pale pale. Ndivyo yalivyo magurudumu. Kwa hiyo ndani ya ekseli huwekwa mkusanyo wa gia uitwao difu, ambao huliacha gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani. Ni jambo jema barabarani. Lakini matopeni difu ni kama mtumishi mpumbavu: gurudumu moja likianza kuteleza, nguvu yote humwagika huko penye utelezi, na lile lililo mahali pakavu husimama tu. Sisi tuliosafiri juu ya malori wakati wa masika, katika udongo mweusi, tumeliona jambo hili mara nyingi: gurudumu moja larusha matope hata usoni mwa abiria, na jirani yake halitikisiki. Gari la namna hii tunayoieleza lina wenzo wa kuifunga difu, nyuma na mara nyingi mbele pia, na ikifungwa, magurudumu yote huzunguka kwa pamoja, liwe moja angani au topeni.

Jambo la pili la Unimog ni kimo cha ekseli zake. Katika gari la kawaida fimbo ya ekseli huingia katikati ya gurudumu, na kwa sababu hiyo tumbo la difu huning'inia chini na kugonga jiwe la kwanza. Friedrich na wenzake waliipandisha ekseli juu ya kitovu cha gurudumu. Kisha penye kila gurudumu wakaweka gia mbili, moja juu, moja chini, ili nguvu ishuke. Basi tumbo la gari liko juu, na jiwe lapita chini yake. Pana faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Gia zile za gurudumuni hupunguza mwendo na kuongeza nguvu mwishoni mwa safari ya nguvu hiyo, hata fimbo na difu zilizo katikati hazibebi mzigo mzito, na zaweza kuwa ndogo. Walakini hakuna kitu cha bure. Gari lililoinuliwa hupinduka upesi zaidi. Tena kila gurudumu lina oili yake ya kukaguliwa, na mpira wake wa kuzuia oili isivuje. Mwenye gari asiyependa kulala chini ya gari lake kila juma na achague jingine.

La tatu ndilo lililowaumiza wasafiri wengi. Chesisi ya Unimog, yaani kiunzi chake cha chuma, haikuundwa iwe ngumu. Imeundwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda kichuguu na jingine likiingia shimoni, chesisi hujisokota, na magurudumu yote manne hubaki yamegusa ardhi. Mtu asiyelijua hilo hununua gari, hujenga juu yake nyumba ya mbao na bati, huifunga kwa misumari ya parafujo pembe zote nne, kisha hutoka Ulaya akiimba. Akifika penye barabara mbovu, chesisi yajipinda kama ilivyozaliwa, lakini nyumba haiwezi kujipinda. Hapo lazima kimoja kivunjike: ama kuta za nyumba hupasuka na mvua kuingia kitandani, ama chuma cha chesisi hufanya ufa. Mafundi wenye akili huiweka nyumba juu ya nguzo tatu tu, au juu ya fremu ya pili yenye bawaba. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Bibi zetu walilijua hilo jikoni.

Unimog iliyopendwa kwanza na wasafiri ni ile iitwayo 404, iliyotengenezwa tangu 1955 hata 1980. Zaidi ya 60,000 ziliundwa, nyingi kwa jeshi la Ujerumani. Injini yake ni ya petroli, ya silinda sita, nayo ina kiu. Msafiri aliyeijua hakuhesabu petroli kwa chupa bali kwa mapipa. Baadaye, tangu miaka ya 1970, zikaja namna kubwa zaidi za dizeli, kama ile U 1300 L, ambayo jeshi, hospitali na zimamoto zote ziliitumia. Hapo ndipo jibu la swali la kwanza la mwalimu wetu lilipo. Gari la zimamoto hukaa bandani. Huoshwa, hutiwa oili, hukaguliwa kila mara, na hutoka pale tu moto unapowaka. Baada ya miaka ishirini au thelathini mji hununua jingine, na lile la zamani huuzwa, limezeeka kwa umri lakini halikuchoka kwa safari. Tena injini yake haina kompyuta. Injini mpya za dizeli za Ulaya, kwa ajili ya sheria za kutunza hewa, zataka dizeli safi yenye kiberiti kidogo mno, na maji maalum ya kusafishia moshi. Penye kituo ambako dizeli hutolewa katika pipa kwa mpira na kuchujwa kwa kitambaa, injini ya namna hiyo huugua, na aliye na dawa yake yuko mbali. Injini ya zamani hunywa kinachopatikana, ikakohoa, ikaenda.

Tusiwasahau Waaustria. Katika mji wa Graz kampuni ya Steyr-Daimler-Puch ilitengeneza, tangu 1959, gari dogo sana liitwalo Haflinger, lenye injini ya silinda mbili tu, kisha mwaka 1971 ikatoa kaka yake mkubwa, Pinzgauer. Majina yote mawili ni ya farasi wa milimani. Mhandisi mkuu alikuwa Erich Ledwinka, na baba yake, Hans Ledwinka, ndiye aliyefanya gari la Tatra mwaka 1923 likiwa na uti wa mgongo wa bomba moja la chuma badala ya chesisi ya mihimili miwili. Mwana aliifuata njia ya baba. Fimbo za kupitisha nguvu zimo ndani ya bomba hilo, na matope na mawe hayazifikii. Kila gurudumu lina nusu-ekseli yake, lapanda na kushuka peke yake. Injini ya Pinzgauer ya kwanza hupozwa kwa upepo, haina rejeta wala maji, basi hakuna cha kuchemka jangwani wala cha kuganda katika baridi. Lipo la miguu minne na lipo la miguu sita. Kasoro yake ni kelele, kwa maana injini imekaa karibu mno na dereva. Waliosafiri nalo husema ya kuwa mume na mke huzungumza wakifika. Huenda kwa wengine hiyo si kasoro.

Twaja sasa kwa gari ambalo kila msomaji wetu analijua, hata mtoto. Wakati Friedrich alipokuwa akipima matuta ya viazi, Mwingereza Maurice Wilks, wa kampuni ya Rover, alikuwa shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey na Jeep moja ya Kimarekani iliyobaki vitani. Jeep ilipokuwa ikizeeka akaona ya kuwa hakuna ya Kiingereza ya kuinunua badala yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa cha mgawo wakati ule, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, na ndiyo sababu magari hayo ya zamani hayaliwi na kutu bodini, ingawa chesisi yaweza kuoza kabisa chini ya bodi inayong'aa. Mnunuzi na achungulie chini. Ni ajabu kwetu ya kuwa mataifa mawili yaliyokuwa yakipigana, kila moja likitafuta chombo cha shamba katika miaka ile ile ya taabu, yaliunda magari mawili ambayo watu wa amani huyatumia kuizunguka dunia.

Safari ndefu kwa motokaa zilikuwako kabla yao. Mwaka 1924 Wafaransa wa kampuni ya Citroën walitoka Algeria na magari manane yenye mikanda ya mpira nyuma badala ya magurudumu, wakavuka Sahara na Kongo; walipofika Kampala wakajigawa makundi manne, moja likashika njia ya Mombasa na jingine ya Dar es Salaam, wakakutana tena Madagaska katikati ya 1925. Lakini ile ilikuwa safari ya kampuni kubwa, yenye akiba ya chakula na petroli iliyotangulizwa njiani.

Safari iliyowafungulia watu wa kawaida macho ni ya vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Waliazima Land Rover mbili, moja ya buluu iliyokoza, moja ya buluu hafifu, wakaondoka London tarehe 1 Septemba 1955, wakafika Singapore tarehe 6 Machi 1956. Walipita Uturuki, Iran, Pakistan, India, kisha Burma, ambako njia ya Ledo, iliyojengwa na Wamarekani wakati wa vita, ilikuwa imekwisha kumezwa na msitu. Mmoja wao, Tim Slessor, aliandika kitabu cha safari hiyo. Na magari yenyewe? Lile lililoitwa Cambridge liliangamia katika bonde huko Iran, katika safari nyingine. Lile lililoitwa Oxford lilipelekwa visiwa vya Atlantiki, likakaa Saint Helena miaka mingi likiwa bovu, mpaka likarudishwa Uingereza mwaka 2017 na kufufuliwa. Mwaka 2019 likaendeshwa tena, mara hii kutoka Singapore kurudi London. Slessor, ambaye alikuwa mzee sana, aliugua kabla ya kuondoka, na mjukuu wake akashika nafasi yake.

Lakini kama tungeulizwa ni safari ipi iliyotushangaza kuliko zote, tungetaja ya Gunther Holtorf. Alikuwa mtu wa shirika la ndege la Lufthansa, tena ndiye aliyechora ramani ya mji wa Jakarta kwa subira isiyo ya kawaida. Alinunua Mercedes ya namna ya G, 300 GD, iliyoundwa kule kule Graz, yenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 88 tu. Gari akaliita Otto. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akaingia Afrika akikusudia safari ya muda mfupi. Hakuacha mpaka 2014. Yeye na mwenzake Christine walilala ndani ya gari, juu ya godoro lililowekwa juu ya masanduku ya vipuri, wakapika nje, wakapita nchi zaidi ya mia mbili na maeneo yake, karibu kilometa 900,000. Christine alipatwa na saratani, akafa mwaka 2010. Holtorf akaendelea, picha yake ikining'inia ndani ya gari. Otto yumo katika jumba la makumbusho la Mercedes huko Stuttgart, na mwenyewe alifariki mwaka 2021. Injini ile haikuwa na nguvu ya kujisifia. Siri ilikuwa mwendo wa taratibu, na mtu mmoja aliyeshika usukani na spana kwa mkono ule ule miaka yote.

Sasa tuseme juu ya uzito, maana hapa ndipo wengi huangukia, na wengine wamepoteza akiba ya uzeeni kwa ajili yake. Tuchukue Pinzgauer ya miguu minne, iwezayo kubeba kama tani moja, yaani kilo 1,000. Tuseme nyumba yake pamoja na kitanda na kabati ni kilo 400. Maji ya kunywa na kuoga, lita 120, ni kilo 120. Petroli na dizeli huelea juu ya maji, ni nyepesi kidogo. Lita 165 ni kama kilo 125. Mume na mke, kilo 150. Gurudumu la akiba, jeki, minyororo, vyombo vya ufundi, kilo 100. Chakula, nguo, sufuria, vitabu, kilo 100 tena. Jumlisha: 995. Zimebaki kilo tano, na bado hatujaweka jiko, wala betri ya taa, wala kiti cha kuketi chini ya mti. Lakini watu huweka. Huweka na jokofu, na baiskeli, na zawadi za njiani. Gari halisemi neno, laenda. Kisha siku moja katika mteremko mrefu breki zapata moto na kulegea, au springi yakatika mahali ambapo kijiji cha karibu ni siku mbili, au gari lililoinuka na mzigo darini lalala ubavu katika mkingamo ambao lilipokuwa tupu lingeupita kwa mchezo. Mafundi tuliowauliza hawakubishana juu ya injini ipi bora kwa bidii kama walivyokubaliana juu ya hili: gari lipelekwe kwenye mizani likiwa limejaa kabisa, watu wakiwa ndani, kabla ya kuondoka.

Mchangani pana hila iliyo rahisi, nayo ni kupunguza upepo wa matairi. Tairi lililolegea hutandaza unyayo wake kama wa ngamia. Lakini atakayefanya hivyo na awe na pampu, kwa sababu akirudi penye mawe na lami bila kujaza, tairi huchanika.

Mwalimu auliza pia, kama angekuwa yeye, achague lipi. Sisi twaona ya kuwa Unimog ni ya mtu aliye na sababu ya kuwa nayo: mzigo mkubwa, njia mbaya kweli, na fundi ndani ya familia. Kwa wengine wengi Land Rover ya zamani hutosha, si kwa sababu ni bora, bali kwa kuwa yajulikana. Oktoba 2024 zilikusanyika mjini Arusha mamia kwa mamia. Nyuma ya kila moja pana fundi aliyewahi kuifungua na duka lililowahi kuiuzia kipuri. Unimog ikiharibika, kipuri hutoka Ulaya kwa ndege, na kungoja ni gharama kuliko kipuri. Siku hizi tena njia yenyewe imekuwa ndefu: tangu vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, wengi wameiacha njia ya Misri, wakaja kwa pwani ya magharibi ya Afrika, kupitia Kongo na Angola.

Wale wazee wawili, mwalimu wetu aandika, hawakuwa wamesimama chini ya mti kwa ajili ya kivuli peke yake. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, na wa akiba waliokuja nao ulikuwa wa kipimo kisicho chake. Walikuwa wameununua miaka mitano nyuma, wasiujaribu. Walikaa hapo siku tatu. Fundi wa kituo hakuwahi kuliona gari la namna ile. Alichukua uzi, akauzungusha pulini mara moja, akaukata, akaenda nao mjini kwa baiskeli, akarudi jioni na mkanda wa lori jingine kabisa. Ukaenea. Asubuhi yake waliondoka mapema, na kabla ya kuondoka mama yule alimpa fundi mkanda ule usiofaa, huenda ukamfaa mtu mwingine.